Mhariri, hebu tuamulie mimi na mama mboga

Kwa Mhariri,

Salamu nyingi. Najua ukurasa huu ni wa barabara mbovu na karo na bei ya unga, na mimi mwenyewe nishawahi kuwaandikia kuhusu mtaro wa hapa kwetu Umoja (bado uko wazi, lakini hiyo ni barua nyingine), ila leo naomba nafasi ya jambo moja limetugawanya hapa stejini karibu mwezi mzima, watu wazima tunanuniana, na chanzo ni Wakorea, yaani tamthilia yao ya mauaji: kwanza tulibishana muuaji ni nani, sasa ni kama mtu mmoja humo ni shujaa au la.

Mimi niko na kibanda cha M-Pesa. Kazi yenyewe ni kukaa. Asubuhi wanakuja wa nauli, jioni wanakuja wa unga, katikati hapo ni mimi na simu yangu nimeiegemeza kwa daftari naangalia tamthilia. Kijana wangu ndio aliniwekea hii ambayo Netflix wanaiita Stranger, Wakorea wenyewe wanaiita Bimilui Sup, yaani Msitu wa Siri, ilionyeshwa 2017 kwa stesheni yao ya tvN, episodi 16, alafu sizoni ya pili ikaja 2020. Kwa hivyo kama hujaiona na uko na mpango wa kuiona, ruka hii barua uende kwa michezo, manake natoboa kila kitu.

Naonya mapema kwa sababu mimi nilitobolewa. Nilikuwa episodi ya tatu hivi, jamaa wa nduthi, yaani bodaboda, akaja kutoa mia tano, akachungulia kwa katundu ka dirisha akaona uso kwa skrini akacheka, "Mathe, bado uko hapo? Si ndio huyo muuaji." Uso wenyewe ulikuwa wa Seo Dong-jae, mmoja wa waendesha mashtaka humo. Sikumwongelesha wiki nzima, namwuliza tu namba ya kitambulisho, basi. Alafu nikafika mwisho nikakuta si Dong-jae hata kidogo, kumbe bwana yeye alikuwa amefika episodi ya sita bando ikaisha, akajiamulia mwenyewe na akaanza kutangaza.

Sasa kwa wale hawajui, kuna tajiri anaitwa Park Moo-sung, anapatikana ameuawa kwa kisu nyumbani kwake. Huyu Park alikuwa anawalisha na kuwanywesha waendesha mashtaka, anawatafutia hadi wasichana, ili mambo yake yasiguswe. Wakorea wanamwita sponsa. Eh, sponsa, neno ni hilo hilo letu, na mama mboga jirani yangu alipolisikia akadhani ni yule wetu wa kulipia msichana wa chuo nyumba, nikamwambia hapana dada, huyu anayelelewa hapa ni serikali. Alicheka akakaa chini kwa gunia la viazi. Na si kitu wametoa hewani, 2010 kulikuwa na kashfa ya kweli huko Korea ya waendesha mashtaka na sponsa wao. Hata tamthilia yenyewe ilianza Juni 2017, miezi mitatu tu baada ya mahakama yao kumwondoa rais Park Geun-hye, kwa hivyo wenye nchi walikuwa wanaangalia na hasira zao mkononi.

Anayechunguza ni Hwang Si-mok, mwendesha mashtaka, ameigizwa na Cho Seung-woo. Mwanzoni hii ilitusumbua, mbona mtu wa mashtaka anakimbiza mshukiwa kwa uchochoro? Huku kwetu polisi wa upelelezi, DCI, wanachunguza alafu faili inapelekwa kwa DPP, mkuu wa mashtaka, kila mtu na kiti chake. Lakini Korea wakati huo mwendesha mashtaka alikuwa anachunguza mwenyewe, anawaamuru polisi, na ofisi yake ndio inaamua nani ashtakiwe na nani aende nyumbani alale. (Sizoni ya pili yote ni polisi na waendesha mashtaka wakivutana juu ya hayo mamlaka, mimi iliniwia nzito kidogo, vikao vingi.) Ukishaelewa hapo unaelewa Park hakuwa mjinga, hakujisumbua na polisi wa barabarani.

Si-mok mwenyewe akiwa mtoto sauti zilikuwa zinamtesa kichwani hadi wakampasua ubongo, akapona lakini hisia zikaondoka. Hacheki, halii, hakasiriki, ukimtukana anakuangalia kama mtu anasoma bei ya kitu hana haja ya kununua. Basi mama mboga dakika ishirini za kwanza akasema ni huyu, mtu hawezi kukuta maiti akasimama hapo kama amekuta gunia. Nikamwambia huyo ndio stelingi, stelingi hawezi kuwa muuaji. Akasema wewe ngoja. Mzee wa kutengeneza viatu hapa kando, yeye haangalii, anasikiliza tu tukielezana, akasema ni bosi, kila mahali ni bosi. Jamaa wa nduthi na Dong-jae wake. Mimi kusema ukweli niliweka zangu kwa yule msichana Eun-soo, mwendesha mashtaka mpya, manake alikuwa na sababu kuliko wote, baba yake alikuwa waziri wa sheria akasingiziwa hongo akaanguka, nyumba yao ikabaki kama matanga yasiyoisha, na msichana yuko hapo kazini anatabasamu na wale wale waliomwangusha baba. Nilisema huyu anangoja tu. Nikawa hata namwonea huruma mapema, kama muuaji wangu.

Sasa hapo kwa kuhukumu uso naomba niseme kitu kidogo kilichonipata, kina uhusiano.

Kuna mzee huja kutoa pesa kila Ijumaa, miaka miwili sasa, hajawahi kunisalimia. Anasukuma kitambulisho, anasaini, anahesabu, anaenda. Mimi nilikuwa nishamweka kwa kundi la wezi, nasema huyu anapima kibanda. Siku moja akiwa kwa laini akaja kijana mbele yake, nadhifu, viatu vinang'aa, "Mathe habari ya leo, watoto wamelala salama?", anataka kuweka elfu nane, mtoto wake amelazwa, anaongea huku ananipa noti moja moja, na mimi napokea huku nampa pole. Yule mzee kwa nyuma akasema, na ndio mara ya kwanza nilisikia sauti yake, "Hebu shika hiyo tena vizuri." Nikaona ni wivu wa mtu mkali. Sikushika tena. Jioni nahesabu, noti mbili za juu ndizo zilikuwa pesa, hizo sita zingine ukipitisha kidole ni laini kama karatasi ya daftari, hakuna mkwaruzo hata kidogo. Elfu sita zikaenda na pole zangu juu.

Kwa hivyo Si-mok nilimwamini mapema kuliko wenzangu, si akili, ni hasara.

Lakini utamu wa hii tamthilia ni kwamba karibu kila mtu humo ndani ana sababu ya kuua, na mwandishi, Lee Soo-yeon, ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa ya tivii, anakuwekea hizo sababu mezani bila kukwambia chukua hii. Kitu kingine kijana wangu alinieleza ni kwamba tamthilia nyingi za kule zamani zilikuwa zinapigwa huku zinaonyeshwa, leo wanarekodi kesho iko hewani, watazamaji wakipiga kelele mwandishi anaweza kubadilisha mambo, lakini hii walimaliza kurekodi kabla haijaanza kuonyeshwa. Manake muuaji alikuwa ameshawekwa na hakuna makelele ya mtu ingemhamisha. Hiyo ilinifurahisha sana. Ukirudi mwanzo unaangalia mara ya pili, kama nilivyofanya, unamwona yuko hapo hapo, amekaa kwa mkutano na wengine, anaandika.

Nitafika kwake. Kwanza yule fundi wa tivii.

Anaitwa Kang Jin-seop. Aliitwa kwenda kutengeneza tivii kwa Park, akamkuta amekufa, na kwa sababu alishawahi kufungwa na mikono yake si mizuri, badala ya kupiga kelele akachukua vitu vya thamani akatoroka. Kamera ya gari lililokuwa limeegeshwa nje ilionyesha mtu dirishani kwa Park wakati fundi anafika, kwa hivyo mahakama ikasema Park alikuwa hai, aliyeingia ni fundi, basi muuaji ni fundi. Kesi ikaisha haraka. Kumbe aliyeonekana dirishani hakuwa Park, ilipangwa ionekane hivo. Kang akafungwa, akaandika barua kwamba hakuua, akajiua huko jela, akaacha mke. Na nyinyi mlioiangalia niambieni ukweli, nani kati yenu alimwamini huyo fundi? Hapa kwetu hakuna. Mwizi ni mwizi, tulisema. Jamaa wa nduthi ambaye yeye mwenyewe hushikwa kila wiki kwa makosa hajafanya alisema huyo anyongwe tu tuendelee.

Eun-soo wangu naye akauawa. Nililia hapo kibandani hadi mteja akaniuliza kama ni floti imepotea. Na kumbe aliyemuua hata si yule aliyemuua Park, ni mtu wa tajiri wa Hanjo, kampuni kubwa humo, wauaji ni wawili tofauti, kila mtu na sababu yake, na sisi tulikuwa tunatafuta mmoja tu wa kubeba zote. Dong-jae, mlaji kabisa, mwoga, mdomo mwepesi, mwisho wa siku hakuua mtu, na watu wakampenda hadi 2024 wakamtengenezea tamthilia yake mwenyewe. Hapo sina la kusema, kila ofisi iko na Dong-jae wake na ndio huleta chai.

Haya, muuaji wa Park. Ni Yoon Se-won, afisa pale pale kwa ofisi ya mashtaka, mpole, hasemi sana, na zaidi ya hapo yuko ndani ya timu maalum ya Si-mok ya kumtafuta huyo muuaji. Yaani wanakaa kwa meza wanajadili muuaji ni nani na yeye anachangia. Mtoto wake mdogo alikufa kwa ajali ya basi, safari ya shule ya chekechea, na ukifuata kwa nini basi kama hilo lilikuwa barabarani, hongo moja baada ya nyingine, unafika kwa Park.

Siku tulifika hapo mama mboga alikuwa anakata sukuma. Unajua vile wanakata, kisu kinaenda chenyewe, macho yako kwingine, yeye anaangalia simu yangu kwa dirisha na sukuma inaanguka kwa karatasi nyembamba kama nyuzi. Ikafika pale inaonyeshwa kuhusu yule mtoto. Kisu kikasimama. Akakiweka chini juu ya ubao, akajipangusa mikono kwa leso, polepole, kidole kwa kidole. Yeye mtoto wake wa PP2 huenda shule na ile van ya asubuhi, tunaionanga hapa, watoto wamepangwa kama mikate, mwingine uso umegandamana na kioo. Akasema, "Mimi ningefanya hivo hivo." Mteja alikuwa anangoja sukuma ya ishirini na hakuna aliyemjibu.

Na mimi sikuwa na jibu. Ningesema nini?

Vita yetu ilianza baadaye, na haikuwa juu ya Yoon, ilikuwa juu ya bosi wa Si-mok, Lee Chang-joon. Mzee wa viatu alikuwa amesema ni bosi na mzee wa viatu alikuwa na haki, kwa njia ambayo hata yeye hakuijua. Chang-joon ndio alikuwa nyuma ya mpango. Aliwahi kuwa mwendesha mashtaka msafi, akaoa binti wa tajiri wa Hanjo, akaanza kumeza kidogo, alafu kidogo tena, akapanda hadi Ikulu ya kule wanaiita Jumba la Bluu, na huko juu akaona amekuwa mmoja wao. Basi akapanga Park afe, kifo cha Park kiwe uzi, ukivutwa shati lote lifumuke. Yeye mwenyewe ndio alihakikisha Si-mok anapewa hiyo timu maalum, manake alijua huyo hawezi kununuliwa wala kuonewa huruma. Mwisho akaacha begi limejaa ushahidi wa Hanjo, akaruka kutoka juu ya jengo Si-mok akiangalia.

Mama mboga anasema huyo ni shujaa. Jamaa wa nduthi anasema shujaa. Mzee wa viatu anasema shujaa lakini mpumbavu. Kijana wangu niliyemlea na hii pesa ya kibanda anasema shujaa, na anaongeza kwamba sisi hapa tungepata wawili kama yeye nchi ingenyooka. Watu wanne kwa mmoja.

Mimi nasema hapana. Nilianza kwa kusema, kama alikuwa na hizo karatasi zote na alikuwa Ikulu, si angezitoa tu? Mama mboga akanijibu kitu kizito, akasema, "Angezipeleka kwa nani? Wewe umeona episodi 16, hebu nitajie ofisi moja humo ambayo angeziingiza na zingetoka." Nikatafuta. Polisi, mkuu wa kituo mwenyewe alikuwa kwa ile orodha ya Park. Waendesha mashtaka ndio hao hao. Waziri msafi waliyekuwa naye walishamwangusha. Nilinyamaza hadi jioni, hiyo pointi nampa.

Lakini usiku nikifunga kibanda ndio niliona kinachonikwama. Chang-joon hakutumia mkono wake. Alitumia mkono wa mtu amefiwa. Yoon alikuwa na uchungu, na yule bosi akauona ule uchungu kama mtu anaona panga limelala bila mwenyewe, akaliokota. Mtu akija kwangu mtoto wake amekufa ninampa kiti, simpi kisu na anwani. Na fundi wa tivii je? Yeye alikula hongo gani? Hakuwa na sponsa, hakuwa na mkwe tajiri, alikuwa na sanduku la vifaa na rekodi ya jela, kwa hivyo akawekwa hapo mlangoni kwa saa iliyopangwa kama mtu anaweka jiwe chini ya gurudumu. Na yule msichana Kim Ga-young, aliyeokotwa kwa nyumba ya Park amefungwa kwa beseni la kuogea amejaa damu, alipona kwa bahati, lakini naye alichomwa kisu kwa sababu mpango ulimhitaji. Kwanza Park alimtumia kuwafurahisha wakubwa, alafu waliokuja kuwasafisha wakubwa wakamtumia tena. Ushujaa gani huo unalipiwa na mtoto wa mtu?

Nilipowaambia hivo jamaa wa nduthi akasema ninaongea kama Si-mok, sina hisia. Nikachukulia kama sifa.

Na nikubali kitu kimoja, pale Chang-joon kabla hajaruka anamwambia Dong-jae asifuate njia hiyo, nililainika. Mwigizaji, Yoo Jae-myung, ana ile sura ya mjomba wako aliyefaulu, unataka akusalimie. Ndio maana nasema watu hapa hawamtetei kwa sababu ya alichofanya, wanamtetea kwa sababu mwanzoni walimhesabu kama mlaji, walipokuta ana sababu waliona aibu ya kumhukumu, na hiyo aibu wakaigeuza heshima. Mimi mwenyewe ningefanya hivo kama si elfu sita zangu.

Basi tukakaa hivo, siku kama nne, mama mboga ananiuzia nyanya bila kuniongezea moja. Jana asubuhi kabla van haijapita akaja dirishani, hana pesa ya kutoa wala ya kuweka, akasimama tu. Alafu akaniuliza, "Yule shosho, mama yake Park, yule Han Yeo-jin alimchukua akamweka kwake. Aliishia wapi?"

Han Yeo-jin ni yule polisi, Bae Doona, anachorachora vikatuni. Shosho alibaki hana pa kukaa, nyumba ya mtoto wake imejaa damu na makamera, na huyo polisi ambaye hamjui hamhusu akamchukua nyumbani kwake, wanakula pamoja. Ni sehemu ndogo sana, ukienda kumwaga maji utaipita.

Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Si uangalie." Nikarudisha nyuma, nikaegemeza simu kwa daftari, naye akavuta kiti chake cha plastiki akakileta upande wangu, ndani, mahali haruhusiwi kukaa mtu kwa sababu ya pesa, na tukaanza kumtafuta. Wateja wawili nimewaambia floti imeisha.

Mhariri, chapisha hii na wasomaji wako waseme, lakini wale wameishia episodi ya sita wasiniandikie.

Ni mimi,
Mama wa M-Pesa,
Umoja, Nairobi